Muulize Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, hupoteza vitu vikiwa mkononi mwake. Nimewahi kumkuta anatafuta simu chini ya kitanda, anamulika kwa taa ya simu hiyo hiyo. Nilimwacha kidogo, maana mtu akitafuta kwa bidii namna ile ni vibaya kumkatiza. Alipochoka akainua kichwa.

"Shemeji, hujaiona simu yangu?"

Nikamwambia aniangazie vizuri, nimsaidie kutafuta. Akaniangazia.

Mama mkwe anamwita Mhandisi, na sisi wengine tukafuata. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni mhandisi wa kompyuta. Majirani hawana kompyuta, kwa hiyo walichoshika ni hilo neno la mhandisi. Basi wanamletea pasi, redio, feni iliyovunjika shingo. Mzee wa nyumba ya pili alileta kitasa. Mhandisi hajui kukataa. Huvipokea vyote, akavipanga kwenye kona ya sebule, na mume wangu, ambaye ni seremala na ana mkono mwepesi, ndiye anayevitengeneza akirudi kazini. Wenyewe wakija kuchukua, shukrani zote anapewa Mhandisi.

"Unakula sifa za watu," mume wangu humwambia.

"Kaka, sisi ni kampuni moja. Wewe uko karakana, mimi napokea wateja."

Alikuwa akikaa kwetu tangu alipomaliza masomo, katika kile chumba kidogo kinachotazamana na bafu. Kazi aliyopata ilikuwa kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi. Siku nyingine anakwenda ofisini, siku nyingine anafanyia nyumbani, na nyumbani maana yake ni meza yangu ya jikoni, kwa sababu mtandao huingia kwa dirisha la jikoni tu, kama vile vyumba vingine unavionea aibu. Kwa hiyo mimi nikimenya viazi, yeye yuko upande wa pili wa meza anabonyeza, na katikati yetu yuko binti yangu kwenye kiti chake anapigapiga kijiko.

Binti yangu tunamwita Kifungo. Alipoanza kutambaa aliokota kila kifungo cha shati kilichoanguka ndani ya nyumba akakitia mdomoni, na Mhandisi ndiye aliyembandika jina hilo. Jina lake lenyewe liko kwenye kadi ya kliniki, refu na la heshima. Siku moja tulikuwa kwenye benchi la kliniki, muuguzi akaita jina refu hilo. Kimya. Akaita tena. Nikageuka kutazama nyuma, nikasikitika moyoni, nikasema kuna mama wengine wazembe kweli, mtoto anaitwa na mwenyewe amekaa tu. Mhandisi, aliyekuwa ametusindikiza, akanigusa bega.

"Shemeji, si ndiye huyu Kifungo?"

Hilo hakuwahi kuniachia. Mpaka leo nikiitwa popote nikachelewa kuitika, ananiuliza kama nataka aitwe muuguzi.

Kazi yake sikuielewa mapema. Mimi niliishia darasa la saba, na yeye akieleza huanzia katikati. Siku moja nikamwambia anianzie mwanzo, kama anavyomweleza Kifungo. Akaweka kikombe chini.

"Duka linauza vitu kwa simu, sawa? Mteja akinunua, sisi tunasafirisha. Sasa mteja anataka kujua mzigo wake umefika wapi. Yeye hatupigii simu sisi. Anauliza duka, na mashine ya duka inaiuliza mashine yetu."

"Mashine zinaongea."

"Zinaongea, lakini hazisalimiani. Hazina habari za asubuhi. Lazima mashine ya duka ijue mapema: yetu inajibu maswali gani, swali liulizwe kwa neno gani, na ipewe nini mkononi ndipo ijibu. Yote hayo yanaandikwa mahali pa wazi, wenye duka wanayasoma. Ni kama ule ubao wa vyakula nje ya mgahawa. Kilichopo ni hiki na hiki, ukikitaka sema hivi."

"Na wewe ndiye unayeandika ubao."

"Hapana, ubao unaandikwa na mashine yenyewe. Inachungulia nilichopika ndani, inaandika."

Nikamenya kiazi kimoja. "Sasa wewe unafanya kazi gani?"

Alimgeukia Kifungo akamwambia kwamba mama yake ni mtu mgumu.

Lakini kazi ile aliitaka. Alikuwa ameajiriwa kwa majaribio, na mkuu wake, mwanamke wa maneno machache ambaye yeye humwita Madamu, ndiye angeamua mwisho wa mwezi kama anabaki au anakwenda. Kwa watu alifanya mzaha, ila mimi nilikuwa nikimwona asubuhi anavyopiga pasi shati ambalo hakuna atakayeliona. Mama mkwe alikwisha kuwatangazia majirani kwamba Mhandisi ndiye anayeongoza kampuni. Akiondolewa, ingebidi ashuke ngazi zetu kila siku mbele ya watu waliompa vitasa. Na mimi nisijifiche: akithibitishwa angepanga kwake, na kile chumba kidogo nilikwisha kukipima kwa macho kitanda cha Kifungo kitakaa upande gani. Sikuwa namfukuza. Nilikuwa napima tu.

Asubuhi moja alikuja mezani anacheka na Kifungo, akafungua kompyuta, akasoma ujumbe. Nilijua kuna jambo kwa sababu alikuwa anakunywa chai isiyo na sukari na hakusema.

"Kuna nini?"

"Watu wa duka wameuliza swali."

"Si ndiyo kazi yao?"

Akaigeuza kompyuta nione, ingawa anajua mimi maandishi yale nayaona kama siafu. Akaweka kidole. "Soma hapa."

Nikasoma polepole, maana maneno yalikuwa yameshikana. MuulizeShemeji. Nikasoma la chini yake. AmshaKaka. La tatu ChunguliaSufuria. La mwisho MtotoAnalia.

"Hii ni nyumba yetu," nikasema.

"Ndiyo nyumba yetu."

Ikawa hivi. Alipoanza kuitengeneza ile kazi, hapo hapo mezani pangu, ilikuwa ya kujaribia tu, akavipa vitu majina ya kujichekesha mwenyewe. Swali la kutafuta kifurushi kilipo aliliita MuulizeShemeji, kwa sababu humu ndani kitu kikipotea naulizwa mimi. La kumtaarifu dereva aondoke aliliita AmshaKaka, na aliyewahi kumwamsha mume wangu siku ya mapumziko ataelewa. La kuangalia kama mzigo umeshafungwa, ChunguliaSufuria, hiyo ni tabia yake mwenyewe nikipika. Na jibu la kusema kuna kosa, basi, MtotoAnalia. Alisema moyoni atabadilisha baadaye. Baadaye akaja Madamu akiwa na haraka, kazi ikatoka, na mashine kwa uaminifu wake ikachungulia ndani, ikaandika ubao, ikauweka hadharani. Mtama ukawa umemwagwa kwenye kuku wengi.

"Kwa hiyo mmebandika mlangoni maneno ya jikoni," nikamwambia.

"Shemeji, usiniongezee."

"Na wameuliza swali gani?"

Akafumba macho. "Wameuliza Shemeji ni kifupi cha maneno gani."

Nilimgeuzia mgongo nikakoroga uji. Uji ulikuwa umekwisha kuiva, lakini niliukoroga tu mpaka mabega yangu yakatulia.

Siku ile alishinda anarekebisha. Aliingia kwenye ule ubao wenyewe, akafuta MuulizeShemeji, akaandika TafutaKifurushi. Akafuta hili, akaandika lile. Akapumua, akaniomba chai ya pili. Kisha akagusa kitu kidogo ndani, kosa dogo tu la tarehe, akaiambia mashine ijenge kazi upya. Mashine ikachungulia ndani, ikaandika ubao upya. Shemeji akarudi, Kaka akarudi, sufuria ikarudi.

Akafuta tena, akaandika tena. Mchana akajenga tena, tukarudi wote. Wakati huo mimi namlisha Kifungo uji. Namfuta kidevu, natia kijiko, kidevu kinachafuka, nafuta. Mhandisi akatutazama kwa muda.

"Unachoka?" akaniuliza.

"Mimi wangu ana mdomo mmoja," nikamwambia. "Wewe je?"

Jioni akampigia Madamu akamweleza kila kitu, na mimi nikaona uso wake unavyosinyaa akisikiliza. Alipokata simu akaanza kucheka peke yake.

"Amesema nini?"

"Amesema nimekuwa napiga rangi kivuli. Ubao si wa kugusa kwa mkono, ukiujenga upya unafutika. Ninaingia ndani nilikopika, na juu ya kila jina nabandika kijikaratasi: wewe mashine, ukienda kuandika nje, usiandike hili, andika hili. Basi. Hata nikijenga mara mia, itasoma kijikaratasi."

"Na jina la ndani?"

"Linaweza kubaki. La ndani ni letu, la nje ni la wageni." Akamnyooshea Kifungo kidole. "Ni huyu. Humu ndani Kifungo. Kwenye kadi ya kliniki, lile refu. Mtoto ni yule yule. Kazi iliyobaki ni mama mtu kukumbuka."

Nilijua tutafika kliniki.

Kesho yake akawa anabandika hivyo vijikaratasi vyake. Kumbe havikuwa vya majina tu. Kila swali linahitaji kupewa kitu ili lijibu, na vitu hivyo hakuwa amevipa jina la nje hata kimoja, kwa hiyo mashine ilikuwa imeviita kitu sifuri, kitu moja, kitu mbili. Kitu sifuri ndiyo namba ya kifurushi. Nikamuuliza mtu wa duka atajuaje. Akasema ndiyo maana anavipa majina. Nikamuuliza asiyeleta namba anajibiwa nini.

"MtotoAnalia. Bila namba ya kifurushi mashine haimjibu mtu."

"Mimi nawajibu bila namba."

"Wewe ni toleo la zamani," akasema, akainama kukwepa mwiko.

Tena juu ya kila swali alitakiwa aandike sentensi ya kibinadamu, kueleza swali lile ni la nini. Hapo akageuka mtu mwingine. Alikaa wima, akakohoa, akanisomea: "Huduma hii hurejesha taarifa zinazohusiana na hali ya sasa ya kifurushi husika kwa mujibu wa kitambulisho kilichowasilishwa."

"Hiyo ni huduma au ni hotuba?"

"Ndivyo inavyoandikwa, shemeji."

"Ukiniuliza soksi zako ziko wapi huwa unasema hivyo?"

Akanung'unika, akafuta, akaandika: Leta namba ya kifurushi, utaambiwa kilipo. Akaisoma kwa sauti. Akaongeza neno husika mwishoni, akalitazama, akalifuta kwa huzuni kama anayemsindikiza mgeni kituoni.

Tukadhani yamekwisha. Kumbe lililo gumu lilikuwa mbele. Mashine ya duka ilikwisha kufundishwa maneno yale ya mwanzo. Kila mteja wa duka aliyeuliza mzigo wake, mashine yao ilikuwa ikija kwetu na kusema MuulizeShemeji. Tukibadilisha ubao ghafla watauliza Shemeji, na hapa hakutakuwa na Shemeji, na wateja wote wataona kwamba mtoto analia. Ilibidi watu wa duka waombwe kubadilisha upande wao, siku moja, saa moja na sisi.

"Madamu ataongea nao," nikasema.

"Madamu amesema aliyewapa majina ndiye atakayewaomba wayaache. Yeye atakuwepo kwenye laini, anasikiliza." Akakunja mikono ya shati. "Na wiki hii ndiyo anaandika maamuzi yake."

Siku ya simu alivaa lile shati lililopigwa pasi. Nilitaka kumtoa Kifungo jikoni, lakini akaomba abaki, akasema anampa nguvu. Akampakata. Simu ikawekwa mezani kwa sauti, maana mikono yote miwili ilikuwa na mtoto. Madamu alisalimia mara moja, kisha tusimsikie tena, ila ukimya wake ulijaa jikoni kote. Upande wa duka alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya kutabasamu.

"Kaka, kwanza hongereni, mfumo wenu ni mzuri," akasema. "Mimi na wenzangu tumebishana sana. Wengine wanasema Shemeji ni programu ya nje, ninyi mmeinunua. Mkuu wetu ameniagiza niulize inauzwa wapi, na sisi tuipate."

Mhandisi alinitazama. Mimi nikatazama viazi.

"Haiuzwi," akasema.

"Ni yenu wenyewe?"

"Ni ya kaka yangu." Akameza mate. "Ni mke wa kaka yangu."

Kifungo akagonga kijiko mezani. Kisha yule dada akasema taratibu, kwa huruma, kama anayemfungulia mtu mlango wa nyuma: "Aa. Basi ni mashine imekosea kuandika. Hizi zinazojiandikia zenyewe zina vituko, hata sisi zimetusumbua."

Mlango ulikuwa wazi. Alichotakiwa ni kusema ndiyo. Madamu alikuwa anasikiliza, na mwezi ulikuwa unakwisha. Nilimwona anavyoufikiria, maana alianza kukisugua kisigino cha Kifungo kwa kidole gumba, tabia anayofanya akiwa na jambo. Sitaficha, nilitaka apite.

"Hapana, dada," akasema. "Mashine haikukosea. Iliandika ilichokikuta ndani. Mimi ndiye niliyekiweka, nilikuwa najichekesha, nikasahau kukitoa. Naomba radhi kwenu. Majina ya heshima yako tayari, tunachoomba ni mkubali kubadilisha siku moja na sisi."

Kifungo, kwa kuwa kisigino kilikwisha kusuguliwa vya kutosha, akaangua kilio.

Yule dada akangoja. Kisha akauliza, "Samahani. Huyo ndiye MtotoAnalia?"

"Ndiye mwenyewe."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaweka simu chini, tukasikia anawasimulia wenzake, na kicheko kikawa cha ofisi nzima. Aliporudi alikuwa anajifuta, inasikika. "Na Shemeji yupo?"

"Yupo, anamenya viazi."

"Shemeji, habari yako? Nimekuuliza sana wiki hizi. Unajibu haraka kuliko mume wangu."

"Nashukuru, wifi," nikasema. Sijui kwa nini nilimwita wifi. Mtu aliyekuuliza mara zote hizo huwezi kumwita mgeni.

Wakakubaliana siku. Yule dada akaaga. Mhandisi akanyoosha mkono azime simu, ndipo tukasikia sauti ya Madamu.

"Bado nipo."

Mkono ukabaki hewani.

"Majina kabla hayajatoka nje yapite kwangu kwanza. Yote."

"Sawa, Madamu."

"Nimefanya kazi hii na watu wengi. Kila kitu kikiharibika, ni mashine. Hakuna aliyewahi kuniambia mashine imeandika ilichokikuta. Jumatatu uje ofisini utie sahihi mkataba. Na huyo mtoto mpe ziwa, anatuumiza masikio."

Simu ikakatika. Mhandisi akakaa vile vile na Kifungo anayelia, anatazama dirisha. Nikamchukua mtoto. Nikamwambia amesikia sawasawa, yeye aende akanywe maji. Akasema atakwenda, hakwenda. Mume wangu aliporudi akaelezwa, akacheka sana la AmshaKaka, kisha akauliza kama na yeye hawezi kulipwa kitu kwa kuamshwa nchi nzima. Mama mkwe aliwaambia majirani kwamba mwanawe amepandishwa cheo kwa kusema ukweli, na siku ile ile yakaletwa majiko mawili.

Siku ya kubadilisha ilipita bila mtu kusikia kitu, na hiyo, alisema, ndiyo sifa yake. Kabla hajafungasha virago aliniita mezani akanionyesha kompyuta. Safari hii ilikuwa ndani, kule anakopika. Akaweka kidole kwenye kijikaratasi: TafutaKifurushi. Kisha akashusha kidole mstari mmoja. Chini yake, pale pale, limeandikwa MuulizeShemeji.

"Madamu ameliona?"

"Ameliona. Amesema la ndani halimhusu." Akakuna kichwa. "Kwa hiyo nje watu watasema TafutaKifurushi. Lakini ikifika ndani, anayeulizwa bado ni wewe."

Nikamwambia atoe mikono mezani, nataka kufuta.

Alihama siku ya mapumziko, na mume wangu akamwekea rafu kwenye chumba chake kipya, rafu nzuri ya mbao, ili vitu viwe na mahali. Kitanda cha Kifungo kikaingia kwenye chumba kidogo, upande ule ule niliokuwa nimeupima. Asubuhi iliyofuata nilikuwa naokota vilivyosahaulika: soksi moja, kalamu, na chaja yake imening'inia kwenye soketi ya jikoni. Nikaichomoa. Nikiwa nayo mkononi, simu ikaita.

"Shemeji, hujambo. Samahani, eti chaja yangu..."

"Taja kwanza namba ya kifurushi," nikamwambia.